Land Cruiser ya 2F inapozingua: kusaka ugonjwa wa kabureta ya midomo miwili

Land Cruiser ya petroli ya zamani ikianza kukohoa, iwe FJ40, FJ45 au FJ60, kila anayepita gereji ana jibu lake. Mmoja atasema kabureta iogeshwe. Mwingine atasema tupa hiyo, funga Weber, kabureta ya kampuni nyingine. Wa tatu hana maneno mengi, tayari ameshika bisibisi anazungusha skrubu. Huyo wa tatu ndiye wa kumwahi. Kwenye injini hizi za silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, magari mengi yanayoletwa kwa "kabureta mbovu" yanavuta hewa mahali, au moto wake wa plagi umechoka, au vali hazijapimwa miaka. Skrubu imezungushwa kufunika hayo, na kila fundi aliyefuata akaongeza chake.

Ninazungumzia injini ya F ya sentimita za ujazo 3,878 na mrithi wake 2F, iliyoingia mwaka 1975 ikiwa na 4,230. Zote mbili ni chuma kizito, zina vali za juu zinazosukumwa na fimbo, na kwa kawaida hupumua kupitia kabureta moja ya Aisan yenye midomo miwili. Midomo hiyo haifanyi kazi kwa pamoja. Wa kwanza ni mdogo, ndio unaowasha gari, unaoshika sailensa (injini kuunguruma taratibu bila kukanyaga pedali) na unaokupeleka mjini. Wa pili unafunguka ukikanyaga sana tu. Kwa hiyo dereva mpole anaweza kuendesha miezi bila mdomo wa pili kufunguka hata mara moja, na mhimili wake ukashika kutu humo humo.

Jambo la pili la kuweka kichwani ni urefu wa injini. Kabureta iko katikati, halafu mchanganyiko wa hewa na petroli unasafiri ndani ya manifodi (mabomba ya kugawa mchanganyiko) hadi silinda ya 1 mbele na ya 6 nyuma. Silinda za katikati zinashiba mapema, za pembeni zinapata kilichofika. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikiwa kubwa, inakuonyesha mahali pa kutafuta.

Anza na plagi, kwa mpangilio

Tembeza gari kilomita kama kumi kwa mwendo wa kawaida, egesha, zima papo hapo. Usiliache liungurume, maana dakika chache za sailensa zinapaka masizi juu ya habari unayoitafuta. Chomoa plagi zote sita na uzilaze kwenye kitambaa kama zilivyokuwa kwenye injini, ya kwanza upande wa rejeta. Petroli ya siku hizi isiyo na risasi huacha rangi hafifu, kwa hiyo usitegemee kahawia iliyokolea. Linganisha plagi na plagi.

Zote sita zikiwa nyeusi, kavu, zenye masizi kama ya chemli, mchanganyiko ni mzito kwa injini nzima: tazama boya (linalopima petroli kwenye bakuli la kabureta), choki (kipepeo cha kuwashia injini baridi), vali ya nguvu (ya petroli ya ziada), eakilina (chujio la hewa). Zote zikiwa nyeupe, petroli haitoshi au hewa inaingia chini ya kabureta yenyewe. Mbili zilizo jirani zikiwa nyeupe na nyingine nne nzuri, usiguse kabureta kabisa. Gasketi ya manifodi imeachia upande huo. Moja nyeusi kavu peke yake ni suala la moto, waya au plagi yenyewe. Moja iliyolowa oili ni ringi au mpira wa vali, na hapo hakuna skrubu itakayokusaidia.

Kuna picha nyingine inayowachanganya watu: tatu za mbele nyeupe, tatu za nyuma nyeusi, au kinyume chake. Hiyo huwa kwenye magari yaliyofungwa kabureta nyingine kwa bamba la kuunganishia. Nitaifikia.

Vitu vitatu vya kumaliza kabla ya bisibisi

Vali kwanza. Kwa 2F, injini ikiwa ya moto, nafasi ni milimita 0.20 kwa vali ya kuingiza na 0.35 kwa vali ya kutolea. Watu wanapenda kuzikaza ili injini iwe kimya. Vali iliyokazwa mno haifungi vizuri, silinda inapoteza mvuto, na sailensa inatetemeka namna ambayo hakuna marekebisho ya mchanganyiko yatakayoituliza. Injini ya 2F yenye afya inasikika vali zake kidogo, kama cherehani.

Halafu moto. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Kama distributa (kigawa moto kwa plagi) ni ya pointi (vipande viwili vya chuma vinavyounganisha na kukata umeme), angalia kama zimechimbika, na ushike mhimili wa distributa uutikise kwa vidole: ukicheza pembeni, timingi (wakati wa cheche kuruka) itakuwa inarukaruka hata ukiiweka vizuri. Timingi ya 2F ni digrii 7 kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa mizunguko 650 kwa dakika. Alama yake iko kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Ni kigololi kidogo cha chuma kilichopachikwa, na unakiona kwa taa ya timingi kupitia kidirisha cha nyumba ya flaiwili. Mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) wa distributa uwe umechomolewa na kuzibwa wakati unapima. Ukiuvuta kwa mdomo na hewa ikapita tu bila kizuizi, diaframu imepasuka. Hiyo ni hewa inayoingia kwenye injini bila kibali, na pia ni nguvu unayoikosa barabarani.

La tatu ni geji ya vakyumu, kifaa cha bei ndogo ambacho gereji nyingi hazina. Ichomeke kwenye manifodi, injini ya moto, sailensa. Pwani, injini nzuri inatoa inchi 18 hadi 21. Ukipanda, kipimo hushuka karibu inchi moja kwa kila mita 300, kwa hiyo Arusha, iliyo mita kama 1,400 juu ya bahari, inchi 15 au 16 si ugonjwa. Nairobi iko juu zaidi na usomaji utakuwa chini zaidi. Mshale ukitulia lakini uko chini kuliko inavyostahili, timingi imechelewa au kuna hewa inaingia. Ukidunda kwa mpigo uleule, kuna vali moja haifungi. Ukipanda na kushuka polepole, ndipo sasa unaruhusiwa kufikiria mchanganyiko.

Gari linazima ukiachia pedali

Washa swichi bila kupiga stata, weka sikio karibu na kabureta, mwambie mtu aunganishe na kuchomoa waya wa solenoidi iliyo ubavuni. Unatakiwa usikie "tak". Kabureta nyingi za Aisan za 2F zina solenoidi hii, na kazi yake ni kufungua njia ya petroli ya sailensa swichi ikiwashwa. Waya wake ni mwembamba, uko karibu na joto, na mara nyingi umekatika au mtu ameuchomoa akidhani ni wa kazi nyingine. Dalili yake ni ya wazi: gari linawaka na choki, linatembea vizuri ukikanyaga, ukiachia tu, kimya. Nimeona kabureta nzima ikibadilishwa kwa sababu ya waya huo.

Solenoidi ikifanya kazi, inayofuata ni jeti ya sailensa, kipande chenye tundu lililopimwa la kupitisha petroli. Tundu lake ni dogo kuliko yote, na uchafu wa tangi unaanzia hapo. Itoe, iinue kwenye mwanga, upulize kwa kompresa. Usichokonoe kwa waya wa chuma. Ukiongeza tundu kwa nywele moja tu, umeshabadilisha jeti.

Kisha hewa. Hapa ndipo muda mwingi uende.

Kwenye F na 2F, manifodi ya kuingiza na ya kutolea ziko upande mmoja wa kichwa cha injini, zimebanwa pamoja kwa gasketi ya pamoja. Moja inabeba hewa baridi, nyingine ni moto wa kuchoma mkono. Zinatanuka tofauti, miaka inapita, boliti zinalegea, gasketi inaliwa, mara nyingi kwenye ncha za mbele na nyuma. Ndiyo maana plagi ya 1 au ya 6 ndiyo huwa ya kwanza kuwa nyeupe.

Kutafuta mvujo, mafundi wengi wanapulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Kwenye injini hii nakukataza, maana ekzosi iko hapo hapo chini ya unachopulizia, na moto ukishika unakuwa juu ya injini. Tumia chupa ya maji ya kunyunyizia, ile ya saluni. Injini ikiwa kwenye sailensa, nyunyizia kidogo kidogo kwenye maungio ya manifodi, silinda moja baada ya nyingine, kisha chini ya kabureta, kisha kwenye ncha za mhimili wa vipepeo (visahani vinavyofungua na kufunga midomo ya kabureta), kisha mipira yote ikiwemo ya busta ya breki. Mahali penye mvujo maji yatafyonzwa, na utasikia injini ikibadili sauti kwa sekunde mbili tatu. Mvujo mkubwa unasikika hata bila maji: chukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe kwenye maungio. Sauti ya kufyonza haijifichi.

Mpira wa busta ya breki ni wa kuangaliwa kivyake. Ubane kwa koleo; sailensa ikitulia, busta imetoboka ndani, na hiyo si habari ya kabureta tena bali ya usalama wako.

Ukibadilisha gasketi ya manifodi, kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na ukaze tena baada ya injini kupata moto na kupoa. Kabla ya kufunga, weka rula ya chuma kwenye nyuso za manifodi zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Fila geji (kibati cha kupimia mwanya) nene ikipita katikati ya rula na uso, gasketi mpya haitadumu, peleka zikasawazishwe.

Sailensa iko juu na haishuki

Umelegeza skrubu ya sailensa mpaka haigusi kitu, na injini bado inakimbia. Ondoa eakilina, angalia mdomo wa pili kwa tochi. Kipepeo chake kinatakiwa kiwe kimefunga kabisa. Kikibaki wazi hata kwa unene wa karatasi, hewa inapita na hakuna skrubu ya nje itakayoizuia. Sababu ni mhimili ulioshika, springi iliyolegea, au gasketi ya chini iliyochomoza ndani na kukizuia. Angalia pia kebo ya choki: ikiwa haijarudi yote, ule mkono wa sailensa ya asubuhi unabaki umeshikilia. Baada ya hapo rudi kwenye maji na chupa.

Ukikanyaga linasita, au linapiga chafya

Gari liko taratibu, unakanyaga ghafla, linanyong'onyea kwanza halafu ndipo linaondoka. Mara nyingine linapiga chafya juu kwenye kabureta. Hii ni dalili ambayo kweli, mara nyingi, ni ya kabureta: pampu ya mafuta ya ghafla. Kipepeo kinapofunguka kwa haraka, hewa inaingia papo hapo lakini petroli ni nzito, inachelewa. Pampu ndogo ndani ya kabureta inatupia mchirizi wa petroli kuziba pengo hilo.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na haina moto mkali, eakilina imetolewa, shika tochi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine sukuma mkono wa vipepeo. Tazama mdomo wa kwanza. Mchirizi uanze wakati uleule mkono unapoanza kusogea, uwe mwembamba, umenyooka, na uendelee kwa muda kidogo. Ukichelewa robo ya mwendo, ngozi au mpira wa pampu umekauka au fimbo yake imepinda. Ukitoka matone badala ya mchirizi, njia imeziba au kigololi cha chini hakikai kwenye kiti chake.

Hapo kwenye vigololi pana mtego. Kabureta ya Aisan ina vigololi vya chuma zaidi ya kimoja kwenye njia ya pampu, na havilingani ukubwa. Ukipindua mwili wa kabureta juu ya meza vinadondoka vyote, vinaviringika. Ukivirudisha kwa kubahatisha, kidogo kikakaa mahali pa kikubwa, pampu haitatupia tena. Fanya kazi juu ya sinia lenye kitambaa, toa kimoja, kiandikie, ndipo utoe kingine.

Mchirizi ukiwa mzuri na bado linasita, rudi kwenye timingi na ile diaframu ya distributa. Timingi iliyochelewa inasita hivyo hivyo.

Mlimani linaishiwa nguvu

Tambarare liko sawa. Ukianza kupanda, baada ya dakika moja au mbili, linakata. Swali ni moja tu: petroli imeisha kwenye bakuli la kabureta, au ipo lakini haitolewi?

Kabureta hii inakujibu yenyewe. Mbele ya bakuli la boya kuna kioo kidogo cha duara chenye alama. Linapokata tu, ingia pembeni, zima, fungua boneti, tazama. Petroli ikiwa iko chini ya kioo au haionekani, tatizo liko nyuma ya kabureta: chujio limeziba, pampu ya mafuta imechoka, mpira umejikunja, tangi lina kutu, au hata kifuniko cha tangi. Kifuniko kisichopitisha hewa kinafanya tangi livute ndani, pampu inashindwa. Ukikifungua utasikia linavuta pumzi. Gari likienda vizuri nusu saa, likazima, likapumzika, likaenda tena, anza na kifuniko. Hakigharimu kitu.

Petroli ikiwa katikati ya kioo, basi ndani ya kabureta. Vali ya nguvu inashikwa juu na pistoni ndogo inayovutwa na vakyumu ya injini. Ukikanyaga sana vakyumu inashuka, pistoni inaanguka, inafungua petroli ya ziada. Pistoni ikikwama juu, huipati. Ikikwama chini, unaipata saa zote, na utasoma habari zake kwenye moshi mweusi hapo chini. Isukume kwa kidole. Inatakiwa iteremke na kurudi bila kukwaruza. Isafishe, usiipige msasa.

Mdomo wa pili nao uchunguzwe. Kwenye baadhi ya kabureta unavutwa na linki, kwenye nyingine unafunguliwa na diaframu. Mtu akae ndani akanyage pedali mpaka sakafuni, injini imezimwa, wewe tazama. Mara nyingi utakuta hata kipepeo cha kwanza hakifiki wima, kwa sababu linki zimechakaa au zulia limejikunja chini ya pedali. Hapo umeipata nguvu kwa kuondoa zulia.

Moshi mweusi, na petroli inaisha kama maji

Tazama kioo tena. Petroli ikiwa juu ya alama, sindano ya boya haifungi au boya limetoboka. Litoe boya, litikise karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, limekunywa petroli. Sindano nayo huwa na mchanga au chembe ya kutu kwenye ncha. Kubadilisha sindano bila kiti chake ni kazi nusu.

Kisha choki: ifungue yote, hakikisha kipepeo chake kiko wima kabisa. Kisha pistoni ya vali ya nguvu. Kisha kitu ambacho wengi wanakiruka, eakilina ya oili. Magari mengi ya safari yana bakuli la oili chini ya eakilina, na dereva mwenye bidii analijaza kupita alama. Oili ikizidi, hewa inapita kwa shida, mchanganyiko unakuwa mzito, na oili yenyewe inavutwa. Punguza mpaka kwenye alama, osha wavu wa ndani. Vumbi la Manyara likigeuka tope humo ndani, injini inabanwa pumzi.

Na kuna mwinuko. Kabureta haijui iko wapi. Ikiwa imerekebishwa Dar es Salaam au Mombasa, Nairobi itapeleka petroli nzito kuliko inavyohitajika kwa takriban asilimia 8 au 9, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300. Huko inakaribia asilimia 12. Gari halitazima, ila litakuwa zito, linanuka, na plagi zitajaa masizi. Gari linaloishi huku juu lipewe jeti ndogo zaidi. Petroli inayopita inafuata eneo la tundu, si upana wake, kwa hiyo hatua ni ndogo: mahali palipokuwa na jeti kuu ya 140, ya 135 inatosha kwa mwinuko wa Nairobi. Gari linaloshuka pwani na kurudi kila wiki libaki na jeti za pwani. Mchanganyiko mzito unapoteza petroli tu, mwepesi unachoma vali.

Halitaki kuwaka likiwa la moto

Umesimama dakika kumi kununua mkaa, unarudi, stata inazunguka tu na kuna harufu ya petroli. Kabureta imekaa juu ya ekzosi. Injini ikizimwa hakuna hewa inayopita, joto linapanda, petroli kwenye bakuli inachemka na kumwagika ndani ya manifodi. Toyota wenyewe waliliona, FJ60 ikawekewa feni ndogo ya kupoza kabureta baada ya kuzima.

Usipige pampu pedali. Ikanyage mpaka sakafuni, ishikilie hapo, piga stata. Hewa itasafisha kilichozidi. Kwa dawa ya kudumu, angalia kama kile kipande kinene cheusi cha kuzuia joto chini ya kabureta bado kipo, maana mafundi hukiondoa ili boliti fupi zifike. Angalia bati la kukinga joto, na kama gari lako lina mpira wa kurudisha petroli kwenye tangi, usiwe umezibwa. Kilango cha joto ndani ya manifodi ya ekzosi kikikwama upande wa kupasha, kabureta inapikwa mchana kutwa.

Umefunga Weber na matatizo yamebadilika jina

Maoni yangu: Aisan iliyo nzima inaifaa injini hii kuliko Weber ya kununua. Lakini Aisan nzima ni adimu, na Weber 32/36 inapatikana, kwa hiyo ifungwe vizuri.

Kabureta hiyo ilizoeleka kwenye Ford za silinda nne za lita 2. Kwenye 2F ya lita 4.2, kwa mizunguko 3,000, injini inameza zaidi ya lita 6,300 za hewa kwa dakika. Jeti zilizokuja kwenye boksi hazikupangwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo kusema "nimefunga mpya, haiwezi kuwa kabureta" hakuna maana.

Kabla ya kufunga bamba la kuunganishia, liweke kwenye kioo cha dirisha na uone kama linacheza. Vichwa vya skrubu zake vizame, visichomoze. Kisha weka kabureta juu yake mezani, fungua vipepeo vyote viwili mpaka mwisho kwa mkono. Kile cha pili kina milimita 36 na mara nyingi kinagonga ukingo wa bamba. Kikigonga mezani, tumia tupa. Kikigonga barabarani kinaweza kubaki wazi. Weka na springi ya pili ya kurudisha, hata kama ya kwanza ni nzuri.

Mwelekeo sasa. Mihimili ya vipepeo iwe sambamba na krenki (mhimili mkuu wa injini, unaolala mbele kwa nyuma), ili midomo miwili ikae ubavu kwa ubavu kukatiza injini na mdomo wa kwanza uwe na umbali sawa kwenda mbele na nyuma. Ukiifunga mdomo mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa mwendo wa kawaida silinda tatu zinapata kingi na tatu kidogo. Hiyo ndiyo ile picha ya plagi tatu nyeupe na tatu nyeusi, na haina skrubu ya kuitibu.

Weber hizi pia hazipendi kusukumwa. Shinikizo la paundi 2.5 hadi 3.5 kwa inchi ya mraba linatosha. Pampu ya injini ikizidisha, sindano inashindwa na petroli inafurika, jambo linalofanana kabisa na boya bovu. Weka kidhibiti cha shinikizo kabla hujabadilisha sindano mara ya tatu.

Kuirekebisha: skrubu ya sailensa iguse mkono, kisha iingize si zaidi ya mzunguko mmoja na nusu. Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka ikae, bila kuikaza, kisha irudishe mizunguko miwili. Washa, ipate moto, itafute sehemu ambapo injini inaenda vizuri zaidi. Ikiwa umelazimika kufungua zaidi ya mizunguko miwili na nusu, jeti ya sailensa ni ndogo, ongeza hatua moja, kwa mfano 55 kwenda 60. Ikiwa inapendeza chini ya mmoja na nusu, ni kubwa. Ikiwa skrubu ya sailensa ndiyo inayodai kuingizwa sana, kipepeo kimeshafunua matundu ya mpito (ya petroli ya pale pedali inapoanza tu kukanyagwa), na utapata kusita hata kama pampu ni mpya.

Kwa Aisan utaratibu ni mwingine. Injini ya moto, weka sailensa kwenye mizunguko 650, tafuta kwa skrubu ya mchanganyiko mahali inapokimbia zaidi, kisha kwa skrubu ya sailensa ipeleke 690. Rudia mpaka mchanganyiko usiweze kuipandisha tena. Mwisho, funga skrubu ya mchanganyiko kidogo kidogo mpaka ishuke 650, uache hapo. Ukiifunga hadi ndani kabisa na injini haijali, petroli inapita kwingine: boya liko juu, vali ya nguvu inavuja, au kipepeo kiko wazi mno.

Kabureta iliyokwisha kweli

Shika ncha ya mhimili wa vipepeo, itikise juu na chini. Ikicheza na unaona mwanya, na maji yakipuliziwa hapo injini inabadili sauti, vifaa vya kubadilisha gasketi na pampu havitaiponya. Mwili wa kabureta umeliwa. Fundi wa lathe anaweza kuchonga vishikizo vya shaba na kuvipachika, mradi vipepeo virudi katikati ya midomo yake kabla skrubu zake hazijakazwa, na skrubu hizo zigongwe ncha zisilegee. Skrubu iliyolegea hapo inamezwa na injini.